Mjue Daktari Bingwa wa Mishipa ya Fahamu

Si kila anayetibu ubongo hushika kisu. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu hutibu kwa dawa, mazoezi ya viungo na ushauri. Maradhi anayoyashughulikia ni ya ubongo, uti wa mgongo, mishipa ya fahamu na misuli, yakiwemo kifafa, kiharusi na maumivu sugu ya kichwa. Upasuaji wa ubongo ni fani nyengine, ambayo kwa Zanzibar ina taasisi yake katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.

Safari ya kuufikia ubingwa huu ni ndefu: kwa kawaida miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mazoezi ya kazi, miaka 3 ya maradhi ya ndani, kisha masomo ya fani yenyewe. Ndiyo maana mabingwa hawa ni wachache, na mgonjwa huanzia kituo cha afya kilicho karibu naye kabla ya kupewa rufaa.

Nyenzo yake ya kwanza si mashine, bali ni masuala na uchunguzi wa mwili. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu ghafla. Daktari William Howlett, aliyefanya kazi miaka mingi katika Hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake waliyaeleza maradhi hayo, yaitwayo konzo. Chanzo kilikuwa jikoni: muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka wakati wa ukame, ukabakiwa na sumu.

Kwa hiyo, mgonjwa wa kifafa afuatane na mtu aliyemwona akianguka, kwani mwenyewe mara nyingi hajui lililompata. Shahidi aeleze mtikisiko ulianzia wapi na ulidumu muda gani. Dawa nazo zisiachwe kwa sababu ya nafuu bila ya idhini ya daktari. Kuziacha ghafla huweza kuurejesha ugonjwa kwa nguvu zaidi, na kwa mvuvi aliye baharini au mchumaji aliye juu ya mkarafuu, kuanguka huko huweza kuwa ndiyo mauti yake.

Ama mdomo ukienda upande, mkono ukakosa nguvu au ulimi ukawa mzito ghafla, hizo ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asubuhi isingojwe.

Wazee wenzetu, kifafa hakiambukizi. Mtoto anayefichwa ndani hukosa dawa na skuli kwa pamoja.