UFUMAJI WA WATU WA KASKAZINI: SINDANO, SUFU NA SUBIRA

Ndugu msomaji, wahenga walinena kuwa elimu haina mwisho. Nami naongeza kwamba elimu nyingine haipatikani kwa kalamu, hupatikana kwa sindano na donge la uzi. Katika makala haya nataka kukueleza jinsi watu wa Estonia na jirani zao wa Norwe, Uswidi na Aislandi wanavyofuma, na jinsi mwanafunzi wa huku kwetu anavyoweza kujifunza mbinu zao. Mimi nilifundishwa kufuma na nyanya yangu, kisha nikaendelea na mbinu hizi kwa kusoma vitabu vya ruwaza na kutazama video. Wako wavulana wenzangu wanaosema eti kufuma ni kazi ya wasichana. Hao nawaomba wasome mpaka mwisho, halafu tuzungumze.

Estonia ni nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ng'ambo ya Ufini. Ilijitangazia uhuru mwaka wa 1918, ikaupoteza mikononi mwa Wasovieti mwaka wa 1940, na ikaurejesha mwaka wa 1991. Sisi tuliolelewa pande za Kinangop na Molo twadhani twaijua baridi ya Julai. Wapi! Huko bahari yenyewe huganda karibu na pwani, na mtu akitoka nje bila glavu vidole vinaweza kufa. Kwa hiyo ufumaji wao ulizaliwa na shida kabla ya kuwa urembo. Mahali paitwapo Jõuga, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kipande cha glavu cha mwisho wa karne ya 13 au mwanzo wa karne ya 14. Hicho ni miongoni mwa vitu vya kale zaidi vilivyofumwa kwa sindano ambavyo vimeonekana kaskazini mwa Ulaya.

Tukumbushane msingi kwanza. Vazi lolote lililofumwa kwa mkono limejengwa kwa vitanzi, na vitanzi ni vya aina mbili tu: cha mbele na cha nyuma. Ukivijua hivyo viwili, yote yaliyobaki ni mpangilio. Wafumaji wengi wa kaskazini huushika uzi kwa mkono wa kushoto, na sindano ya kulia huudokoa kama kuku anavyodonoa mtama. Nyanya alinifundisha kuushika kwa mkono wa kulia na kuuzungusha kila mara. Njia zote mbili hutoa kitambaa kile kile, lakini ya kudokoa huokoa mwendo wa mkono, na kasi huongezeka. Tena, kwa glavu na soksi wao hutumia sindano 5. Vitanzi hugawanywa juu ya sindano 4 na ile ya 5 hufanya kazi ya kufuma. Kazi huzunguka kama bomba, wala hakuna mahali pa kushonea ubavuni.

Sasa twende Haapsalu, mji wa pwani ya magharibi ya Estonia. Mwaka wa 1825 ilifunguliwa huko nyumba ya tiba ya kuoga matope, na matajiri wa St. Petersburg wakaanza kumiminika. Wanawake wa mji wakaona soko limekuja mlangoni. Wakafuma shali za sufu nyembamba ajabu, zenye matundu yaliyopangwa kwa sura ya majani na maua. Kipimo cha shali nzuri ni hiki: shali nzima ipite ndani ya pete ya kidole. Si mchezo!

Alama ya shali hizo ni kijinundu kiitwacho nupp. Ukitaka kukijaribu, fanya hivi. Katika kitanzi kimoja, fuma kitanzi cha mbele bila kukiacha kitoke kwenye sindano ya kushoto, zungusha uzi juu ya sindano, fuma tena kitanzi cha mbele mahali pale pale, zungusha tena, mpaka upate vitanzi 5, 7 au 9 kutoka katika kile kimoja. Katika safu ya kurudi, vifume vyote pamoja kwa kitanzi cha nyuma viwe kimoja. Siri yake ni kuvilegeza sana katika safu ya kwanza, la sivyo sindano haitapenya. Husimuliwa kuwa wanawake wa Haapsalu walivipenda vijinundu hivyo kwa sababu mashine haikuweza kuviiga, hivyo mnunuzi alijua kwamba ameshika kazi ya mkono. Ukingo wa shali hufumwa peke yake kisha hushonelewa. Mwisho shali huoshwa na kutandazwa kwenye fremu ikiwa mbichi mpaka ikauke, na hapo ndipo maua yake hufunguka.

Katika kisiwa cha Kihnu mambo ni mengine. Kwa miaka mingi wanaume wa kisiwa hicho walikwenda baharini kuvua samaki na kuwinda sili, na wanawake wakashika mashamba, nyumba na mila. Waliwafumia waume zao sweta ya rangi ya samawati iliyokoza na nyeupe, iitwayo troi. Kwingi Estonia bibi arusi alitakiwa kuwa na kasha lililojaa glavu za kugawia jamaa za mume. Sindano za glavu za Kihnu ni nyembamba mno, milimita 1 hivi. Kwetu, watoto wengi wamejifunzia kufuma kwa spoki za baiskeli, na spoki haiko mbali sana na unene huo! Mwaka wa 2008 utamaduni wa Kihnu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu.

Tuvuke bahari hadi Norwe. Katika wilaya ya Selbu, mwaka wa 1857, msichana aitwaye Marit Emstad alifuma glavu za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, zenye ua la petali 8. Ua hilo likaenea hadi likawa kama nembo ya nchi nzima. Bonde la Setesdal nalo lina sweta maarufu nyeusi yenye vidoadoa vyeupe. Wenyewe huiita lusekofte, maana yake sweta ya chawa. Usicheke! Ili kufuma rangi mbili, uzi mmoja hufanya kazi huku wa pili ukipita kimya nyuma ya kitambaa, na ni rahisi zaidi ukishika rangi moja kwa kila mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haufumi chawa. Uzi unaopita nyuma usivutwe, maana utakunja kitambaa. Faida yake ni kwamba vazi huwa na tabaka mbili na joto maradufu.

Uswidi, katika jimbo la Dalarna, kuna ufumaji wa nyuzi mbili za rangi moja, ambazo hupishanishwa kila baada ya kitanzi. Kitambaa chake huwa kizito na hakipitishi upepo kirahisi. Glavu ya namna hiyo ya karne ya 17 ilichimbuliwa mjini Falun. Aislandi nako kondoo wana sufu ya tabaka mbili: ya nje ndefu inayokinga maji, na ya ndani laini inayotunza joto. Na sasa ndugu zangu wavulana, sikieni: katika Aislandi ya zamani wanaume, wanawake na watoto wote walifuma, kwa kuwa soksi na glavu zilikuwa bidhaa za kuuzwa ng'ambo. Baridi haiulizi kama wewe ni mvulana au msichana, na njaa vile vile.

Huenda ukauliza, yote haya yatufae nini sisi? Nitakujibu kwa mfano mmoja. Katika miaka ya 1930, kazi ya kuchonga mawe huko Bohuslän, Uswidi, ilianguka na familia zikakosa chakula. Wake wa wachongaji walitafuta msaada kwa mke wa gavana, Emma Jacobsson. Mwaka wa 1939 ukaanzishwa mradi wa ufumaji ulioitwa Bohus Stickning. Wanawake wale walifuma sweta za rangi za kupendeza zilizouzwa hadi Marekani, na mradi ukadumu hadi mwaka wa 1969. Ujuzi wa mikono uliziokoa nyumba zao mawe yalipokosa mnunuzi.

Huku kwetu wapo kina nyanya wengi wanaojua kufuma, kusuka vyondo na kushona ushanga. Ujuzi huo haumo katika mtihani, na mwenye nao akifa bila mwanafunzi, huzikwa naye. Estonia wamelitambua hilo. Katika chuo cha Viljandi, vijana husomea ufundi wa jadi hadi shahada. Mwacha mila ni mtumwa, nao wamekataa utumwa.

Kwa hiyo nakushauri, msomaji, uanze na kidogo ulicho nacho. Tafuta sindano mbili na uzi wa dukani. Fuma kitambaa cha vitanzi 20, kisha jaribu nupp moja, kisha mstari mmoja wa rangi mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Na likizo ikifika, keti karibu na nyanya yako umwombe akuonyeshe lile analolijua yeye, kabla hujaenda kutafuta la watu wa mbali. Kwaherini, na tuonane toleo lijalo.