Mlango Haukufunguliwa Kabla ya Krismasi

Majuma manne kabla ya Krismasi Wakristo wengi huingia katika kipindi kiitwacho Majilio. Jumapili ya kwanza ya kipindi hicho huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na katika makanisa mengi vitambaa vya madhabahu hubadilishwa vikawa vya zambarau, rangi ya toba na ya kungoja. Ni wakati wa kutazamia ujio wa Bwana. Na kwa kuwa mwaka nao unafikia ukingoni, ni wakati ambapo kila nyumba hutazamia jambo lake.

Katika nyumba za askari jambo hilo mara nyingi huwa ni moja tu, nalo ni likizo. Watoto huhesabu siku. Mama huweka akiba ya mchele na kitambaa cha kushona nguo za sikukuu. Wazazi walioko kijijini hupelekewa habari wamtarajie mwana wao. Kisha, siku chache kabla ya safari, hufika amri kwamba likizo zimesimamishwa, au kwamba kikosi kinahamia mahali pengine. Nyumba nyingine hufikiwa na habari nzito zaidi: ugonjwa uliotarajiwa kupona haukupona, au aliyengojewa hatarudi tena. Mtu wa nyumba kama hiyo akienda kanisani na kusikia wenzake wakiimba nyimbo za furaha, huona kana kwamba nyimbo hizo ni za watu wengine.

Ni haki, basi, kuuliza: tumaini la Mkristo ni kitu gani, pale ambapo jambo alilolingojea limekataa kutokea? Swali hilo si geni, wala si dalili ya imani haba. Limo ndani ya Majilio yenyewe, na aliyeliuliza mapema kuliko wengi ni nabii aliyekuwa gerezani.

ASKARI WALIOKWENDA MTONI

Mtu huyo ni Yohana Mbatizaji. Alihubiri katika nyika ya Yudea, kando ya mto Yordani, na watu wa kila namna walimwendea. Mwinjili Luka anasimulia kwamba miongoni mwao walikuwamo askari, nao wakamwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia watupe silaha zao wala waache kazi yao. Aliwaagiza wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mishahara yao. Yafaa kila mwenye kuvaa sare akumbuke kwamba ujumbe wa Majilio ulimgusa yeye kwa jina la kazi yake tangu siku za kwanza.

Yohana alitarajia mambo makubwa. Aliwatangazia watu kwamba shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, na kwamba anakuja mwenye nguvu kuliko yeye, ambaye atapepeta nafaka na kuyateketeza makapi. Hapana shaka kwamba alingojea kuiona hukumu hiyo kwa macho yake mwenyewe. Lakini aliyeona nguvu ya mkono siku ile hakuwa dhalimu, alikuwa Yohana. Alimkemea mtawala Herode Antipa kwa kumwoa mke wa ndugu yake, naye akatiwa kifungoni. Mwanahistoria Myahudi Josephus ameandika kwamba alishikiliwa katika ngome ya Machaerus, iliyokuwa juu ya mlima upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi, katika nchi ambayo leo ni Jordan.

Humo gerezani alisikia habari za Yesu. Habari hizo hazikuwa za shoka wala za moto. Zilikuwa habari za mtu aliyekula pamoja na watoza ushuru na kuwagusa wakoma. Ndipo Yohana akawatuma wanafunzi wake kwenda kumwuliza Yesu kama yeye ndiye yule ajaye, au kama wamngojee mwingine. Tazama uzito wa swali hilo. Aliyeuliza si mtu wa mashaka mepesi. Ni yule yule aliyemtambulisha Yesu mbele ya umati wa watu. Alikuwa amevunjika matarajio, na hakuona haya kusema hivyo.

JIBU LILILOACHA NENO MOJA

Yesu hakumkemea. Aliwaambia wale wajumbe warudi wakamwambie Yohana mambo waliyoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, na maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yanarudisha sauti ya nabii Isaya, ambaye Yohana bila shaka alimjua vyema. Lakini msomaji makini ataona kwamba kuna jambo moja ambalo Isaya alilitaja na ambalo halimo katika jibu hilo. Isaya alisema pia juu ya wafungwa kufunguliwa.

Mfungwa aliyeko ngomeni hangeweza kukosa kuliona pengo hilo. Jibu lilimwambia kwamba kazi ya Mungu imeanza na inaendelea. Halikumwambia kwamba mlango wa chumba chake utafunguliwa. Tena likaongezwa neno kwamba heri ni mtu yule asiyechukizwa na Yesu. Yohana hakutoka. Alikatwa kichwa humo humo, kwa sababu ya karamu na kiapo cha mtawala. Hata hivyo, mara tu wajumbe walipokwisha kuondoka, Yesu aliuambia umati kwamba katika wazao wa wanawake hajaondokea mtu aliye mkuu kuliko Yohana. Sifa hiyo alipewa mtu aliyetoka kuuliza kama amekosea. Kwa hiyo, mwenye kuuliza kwa uchungu asidhani kwamba ametupwa.

BERLIN, DESEMBA 1943

Miaka mingi baadaye, katika vita vikuu vya pili, mfungwa mwingine aliyapitia Majilio kwa namna iliyo karibu sana na hiyo. Huyo ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1906. Alikuwa mpinzani wa utawala wa Hitler tangu mwanzo, na baadaye aliungana na watu waliokuwa wakipanga kuuangusha. Tarehe 5 Aprili 1943 alikamatwa nyumbani kwa wazazi wake na kupelekwa katika gereza la kijeshi la Tegel, mjini Berlin, ambako aliwekwa katika chumba namba 92.

Miezi michache tu kabla ya hapo, Januari mwaka huo huo, alikuwa amemchumbia Maria von Wedemeyer, msichana wa miaka 18. Nyumba ya Maria ilikuwa ya askari, na tayari ilikuwa na msiba. Baba yake aliuawa vitani upande wa Urusi mwezi Agosti 1942, na kaka yake aliuawa huko huko mwezi Oktoba. Uchumba huo ulikuwa taa ndogo katika nyumba yenye giza.

Kesi ya Bonhoeffer ilitarajiwa kusikilizwa Desemba 1943, na kwa muda yeye na jamaa zake walitumaini kwamba angekuwa huru kabla ya Krismasi. Kesi ikaahirishwa. Tarehe 17 Desemba aliwaandikia wazazi wake barua ya sikukuu, kwa kuwa hakuona tena dalili ya kutoka. Hakuficha kwamba jambo hilo lilimuuma. Lakini aliwaeleza kwamba mtu aliye kifungoni huenda akalielewa zizi la Bethlehemu upesi kuliko wengine. Maana Kristo alizaliwa mahali pa wanyama kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, na kwa mfungwa habari hiyo ni njema kweli kweli.

Majuma machache kabla ya hapo, katika barua ya tarehe 21 Novemba kwa rafiki yake Eberhard Bethge, alikuwa ameufananisha ukaaji wa gerezani na Majilio. Mfungwa hungoja na kutumaini, hujishughulisha na hili na lile, lakini mlango umefungwa naye hana ufunguo; lazima ufunguliwe na mtu aliye nje. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya tumaini na makisio. Makisio hutegemea tarehe, na tarehe ikipita hufa. Tumaini humtegemea yule aliye upande wa pili wa mlango.

Wala tumaini hilo halikumfanya akae kitako. Krismasi hiyo aliwatungia wafungwa wenzake sala za asubuhi, za jioni na za wakati wa dhiki, huku mji ukiendelea kupigwa mabomu kutoka angani. Kicheko nacho hakikukosekana. Maria alimletea kutoka kwao mti wa Krismasi mkubwa mno. Bonhoeffer alitania kwamba labda kitanda kingetolewa nje, naye asimame siku zote za sikukuu, ndipo mti upate nafasi. Walinzi walicheka pamoja nao, na mwishowe mti ukawekwa katika chumba cha walinzi. Hivyo zawadi ya mfungwa ikawa furaha ya askari wa zamu.

PENGO LISILOZIBWA

Usiku wa kuamkia Krismasi, tarehe 24 Desemba 1943, Bonhoeffer aliandika barua nyingine ambayo familia za askari zingefaidika kuifahamu. Aliwaandikia Bethge na mkewe Renate. Walikuwa wamefunga ndoa mwezi Mei mwaka huo, na Bethge alikuwa karibu kwenda vitani nchini Italia. Bonhoeffer hakuwaambia kwamba utengano ni jambo dogo, wala kwamba Mungu angeziba nafasi ya mpendwa asiyekuwapo. Alisema kinyume chake: hakuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya mtu tumpendaye, na mtu asijaribu kuitafutia badala. Mungu haizibi nafasi hiyo. Huiacha wazi, na kwa kuachwa wazi ndivyo upendo wa watu wawili unavyohifadhiwa, hata kama kwa maumivu.

Mafundisho hayo yana faraja kubwa kuliko maneno matamu. Mke ambaye mumewe yuko mbali haambiwi asilie. Anaambiwa kwamba uchungu wake ni ushahidi wa kitu chema ambacho hakijapotea.

Bonhoeffer hakurudi nyumbani. Katika mwaka 1944 mlinzi mmoja alikuwa tayari kumtorosha na kukimbia pamoja naye, na mpango ukawa umetengenezwa. Lakini kaka yake Klaus alipokamatwa, Bonhoeffer aliuacha mpango huo ili asiwaletee jamaa zake hatari zaidi. Mlango ambao angeweza kuupenya aliukataa mwenyewe kwa ajili ya wengine. Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, na majuma mawili baadaye majeshi ya Marekani yakaikomboa kambi hiyo. Wazazi wake walikaa bila uhakika hadi tarehe 27 Julai 1945, waliposikia katika redio ibada ya kumkumbuka iliyotangazwa kutoka London.

YALIYO MIKONONI MWA FAMILIA

Habari za watu hawa wawili hazina mwisho mzuri kwa kadiri ya matarajio yao. Ndiyo maana zinafaa kwa nyumba ambayo nayo haikupata ilichotarajia. Wahenga walisema kwamba subira huvuta heri, na ni kweli. Lakini heri yenyewe haiji kila mara kwa sura iliyotazamiwa, na subira ya Mkristo si kukaa kimya na kujifanya hana jeraha.

Mzazi aanze kwa kusema ukweli. Watoto wasiahidiwe siku ambayo amri ya kazi haijaithibitisha, na siku hiyo ikivunjika waelezwe wazi, bila kulaumiwa kwa kulia. Sikukuu isifutwe kwa sababu mmoja hayupo. Chakula kipikwe kwa kadiri ya uwezo, sala isomwe, na jina la asiyekuwapo litajwe mezani. Kama kuna nafasi ya kutuma barua au kupiga simu, kila mtoto apewe neno lake la kumwambia baba au mama aliye mbali.

Askari aliyebaki zamu naye asijitenge na wenzake. Katika kila kikosi yumo mgeni wa sikukuu, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hajapata kuwa mbali na mama yake mwezi Desemba. Kumkaribisha huyo kwenye kikombe cha chai ni kazi ya Majilio. Vivyo hivyo jirani ambaye mumewe hatarudi kamwe, asiachwe afunge mlango peke yake. Atembelewe, hata kama mtembeleaji hana neno la kumwambia.

Na anayehisi kwamba hawezi kuimba, asilazimishwe kuimba. Anaweza kufanya kama Yohana, apeleke swali lake kwa Yesu mwenyewe, bila kulipamba. Swali hilo lilipokelewa kutoka ngome ya Machaerus, na mwenye kuliuliza hakupungukiwa na heshima. Krismasi itafika tarehe 25 Desemba, likizo iwepo au isiwepo. Mtoto wa Bethlehemu alizaliwa katika safari, wazazi wake wakiwa mbali na kwao kwa amri ya serikali ya siku zile, na wa kwanza kupewa habari zake walikuwa watu waliokesha usiku wakilinda makundi yao.