Spishi, Nususpishi na "Aina": Funzo la Kinengenenge wa Pemba kwa Sera za Bioanuwai

Makala haya yanaeleza jinsi ngazi ya uainishaji inavyoamua ni ndege yupi anayeonekana katika sera. Mfano wa msingi ni kinengenenge wa Pemba (Zosterops vaughani), ndege mdogo wa manjano mwenye duara jembamba jeupe kuzunguka jicho. David Bannerman alimpa jina la kisayansi mwaka 1924. Baadaye baadhi ya wataalamu walimhesabu kuwa nususpishi ya kinengenenge wa bara, Zosterops senegalensis. Leo anatambuliwa kuwa spishi kamili.

Jiografia inaeleza upekee huo. Kina cha bahari kiliposhuka katika zama za barafu, Unguja iliungana na bara; Pemba, iliyotengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Pemba ina spishi nne za ndege wasiopatikana kwingineko: kinengenenge huyu, chozi, ninga na bundi mdogo. Unguja haina hata moja.

Kisiwa si lazima kizungukwe na maji. Kinengenenge wa Vilima vya Taita, Kenya (Z. silvanus), aliyepewa jina mwaka 1935, aliunganishwa kwa muda mrefu na vinengenenge wa milima mingine. Tafiti za vinasaba zilionyesha kwamba kufanana kwao hakukuwa ushahidi wa undugu wa karibu. Alipotenganishwa, ikadhihirika kwamba spishi nzima inategemea vipande vichache vya msitu, kama Ngangao na Mbololo. Alipohesabiwa pamoja na wenzake, hatari hiyo ilifichwa na wingi wao.

Swali hili linaihusu pia Rwanda, ambako msitu wa milimani wa Nyungwe umepakana na mashamba na makazi.

Kwa Kiswahili, tatizo huongezeka neno "aina" linapotumika kwa familia, jenasi, spishi na nususpishi bila kubagua. Mshauri wa sera akisoma kwamba "aina moja imepungua", hawezi kujua kama kinachopotea ni tawi la ukoo au ukoo wenyewe. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba ripoti za bioanuwai za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitenganishe istilahi hizo na kuambatisha jina la kisayansi kila spishi inapotajwa mara ya kwanza.