Sura ya Nne: Jiwe na Amana ya Moto

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera, akishaiacha njia panda ya Kikorongo, huipita nchi ya mashimo ya volkano iliyo kushoto kwake, na humo limo ziwa Katwe, ambako wachimba chumvi husimama majini wakiung'oa mwamba wa chumvi kutoka sakafuni, na jirani yake ziwa Kitagata (wala si chemchemi za Sheema zenye jina hilo hilo, ambazo aghalabu huchanganywa nalo), ambalo ukingoni mwake maji hutoka ardhini yakiwa na joto lifikalo nyuzi 70. Moto huo miamba imeuhifadhi tangu dahari.

Siri ya hifadhi hiyo ni uvivu wa jiwe. Kama mafiga yabakiyo na joto baada ya kuni kuondolewa, mwamba hupokea polepole na kutoa polepole, hata kwa mwaka mzima joto halipenyi ndani yake ila mita chache. Ndiyo maana wahandisi wa Ulaya hutoboa visima na kupitisha humo mabomba ya maji ya moto wakati wa kiangazi, ili walitoe joto lile majira ya baridi yakiwadia.

Lakini jiwe halipokei amana bure. Itale ya mita 100, ikiongezewa nyuzi 50, hutanuka kadiri ya sentimita 4, na ikikosa pa kutanukia hujikaza mpaka nyufa zake za asili zikateleza. Ikipozwa ghafula, hunywea na nyufa zikafunguka. Maji nayo huyeyusha madini huku na kuyaacha kule, na chokaa iliyoganda kando ya Katwe ni shahidi. Mjini Staufen, Ujerumani, mwaka 2007, visima vya joto viliyafungulia maji njia hadi tabaka la anhidraiti, ambalo likilowa hugeuka jasi na kuvimba. Ardhi ikanyanyuka, na nyumba zaidi ya 200 zikaingia nyufa. Balaa hiyo haikuletwa na moto, bali na maji yaliyopata mlango.

Kasese imo katika Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 katika pande hizi za Rwenzori. Basi ikiwa Katwe itachimbwa mvuke, kama Olkaria ya Kenya inayotoa umeme tangu mwaka 1981, na maji yaliyopoa yakarudishwa chini penye mwamba wa moto, shurti vipima-mitetemo viwekwe kabla ya kisima cha kwanza, na wachimba chumvi, ambao riziki yao imo katika maji hayo hayo, waulizwe mapema.