Kwa Nini Gari Kuukuu Huzimika Injini Ipatapo Moto?

Barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma hupita katika nyanda za chini zenye joto hadi Dumila, ambako njia ya Kilosa huchepuka, kisha hupanda kuelekea Gairo. Gari kuukuu lililokwenda vizuri tangu asubuhi huweza kusimama Dumila kwa muda mfupi, likawaka tena, na mara likazimika kabla ya kufika mbali. Likipumzishwa saa nzima, huwaka kana kwamba halikuwa na dosari.

Mara nyingi husemwa kwamba injini "imechoka", na vipuri hubadilishwa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Fedha hupotea, na ugonjwa hubaki palepale. Hata hivyo, mahitaji ya injini ya petroli ni machache: petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Izimikapo, kimojawapo kimekosekana.

Petroli kugeuka mvuke

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminiko vingi. Vilivyo vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Sentigredi, na vilivyo vizito hukaribia nyuzi 200. Katika magari mengi yenye kabureta, pampu ya petroli hufungwa ubavuni mwa injini, nayo huvuta petroli kutoka tangi lililo nyuma. Kuvuta huko hupunguza mgandamizo ndani ya bomba, na kimiminiko huchemka upesi zaidi mgandamizo upunguapo. Ndiyo sababu pia maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu mahali palipo mita 1,200 juu ya usawa wa bahari.

Injini inapozimwa, feni na maji ya rejeta huacha kuondoa joto, lakini chuma bado ni cha moto. Joto hilo huipanda pampu na kabureta, hata vikawa na moto kuliko wakati wa safari. Mvuke hujaa katika bomba, na pampu iliyoundwa kusukuma kimiminiko hushindwa kuusukuma.

Cheche kupotea

Koili hupandisha umeme wa volti 12 hadi maelfu ya volti. Ndani yake mna nyaya nyembamba za shaba, na ukinzani wa shaba huongezeka karibu robo joto lipandapo kutoka nyuzi 25 hadi 85. Koili nzima hustahimili hayo. Katika koili iliyochakaa, kihami huweza kupitisha umeme kikipata joto, au waya uliokatika ukaachana kwa kutanuka. Kondensa mbovu nayo huleta dalili kama hizo. Vikipoa, vyote huonekana vizima.

Sababu isiyotokana na joto

Kifuniko cha tangi huwa na tundu dogo la kuingizia hewa. Likiziba, petroli hutoka bila hewa kuingia mahali pake, mgandamizo ndani ya tangi hupungua, na hatimaye pampu hushindwa kuvuta. Gari huzimika baada ya mwendo mrefu, wakati injini ina moto, nalo huwaka baada ya kupumzika kwa kuwa hewa imepenya polepole. Hapo joto limefuatana na tatizo tu, silo lililolisababisha.

Jinsi ya kuchunguza

Uchunguzi hufanywa papo hapo gari lizimikapo, kwa maana injini ikipoa ushahidi hutoweka. Jambo moja tu hujaribiwa kwa wakati mmoja.

Kwanza, kifuniko cha tangi hufunguliwa. Hewa ikisikika ikivutwa kwa nguvu na gari likawaka mara, tundu limeziba.

Pili, cheche hupimwa. Kifuniko cha tangi hufungwa kwanza. Plagi nyingine iliyo nzima huunganishwa na waya wake, ganda lake likaegemezwa kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, na injini ikazungushwa. Waya haushikwi kwa mkono. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Ikiwa haipo au ni dhaifu, huchunguzwa pointi, kondensa na koili.

Tatu, cheche ikiwa nzuri, kitambaa chenye maji baridi huwekwa juu ya pampu na bomba lake. Gari likiwaka baada ya dakika chache, mvuke ndio unaoshukiwa. Bomba lililo karibu mno na ekzosi husogezwa au hukingwa. Ikiwa, kinyume chake, moshi ni mweusi na harufu ya petroli ni kali, choki huenda imekwama, na petroli imezidi.

Wakati wote huo, gari huwekwa kando ya barabara, sigara haivutwi, na kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi, kwani maji yake huweza kuruka na kuunguza.

Magari ya siku hizi yana pampu ndani ya tangi, nayo husukuma petroli kwa mgandamizo mkubwa. Hivyo mvuke huyasumbua mara chache. Lakini utaratibu wa kuyachunguza haubadiliki: kwanza kujua kilichokosekana, kisha kununua kipuri.