Kujichora kwa Rangi ya Mafuta na Maneno Yake

Kazi ya mchoraji kuichora sura yake mwenyewe kwa rangi ya mafuta, ili ifanane na ile aionayo kiooni, ni kazi ya kale katika nchi za Ulaya, lakini katika Kiswahili haijapata jina moja lililokubaliwa na wote. Wengine huiita "picha binafsi", wengine "taswira ya nafsi". Majina hayo yote mawili yana kasoro. "Binafsi", kwa msemaji wa leo, ni jambo la faragha, au jambo lisilo la serikali. Asikiapo "picha binafsi" hufikiri picha zilizofungiwa kabatini. "Nafsi" nayo imebeba mzigo mkubwa wa dini na falsafa, na mchoraji aanzaye kazi akidhani kwamba anaichora nafsi yake ataikosa hata pua. Lugha yenyewe imekwisha kutoa njia. Watu husema "kujipiga picha", wala hakuna kamati iliyowafundisha kusema hivyo. Kwa mfano huo, kitenzi "kujichora" na jina "picha ya kujichora" vyatosha, na ndivyo vitakavyotumika hapa.

Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere katika miaka ya 1930, na ufundi wa rangi ya mafuta ukaingia katika madarasa ya Afrika Mashariki kwa lugha ya Kiingereza. Tangu hapo husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuufundishia. Usemi huo umewafanya vijana wengi waamini kuwa mtu hana budi kujua Kiingereza kwanza ndipo ashike burashi. Lakini maneno mengi yapo, ila hayapo katika kamusi za wasomi. Yapo kwa seremala, kwa mwashi na kwa mpaka rangi wa nyumba. Ndiye mpaka rangi aliyetenga zamani "rangi ya maji" na "rangi ya mafuta". Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alizichora picha zake kwa rangi ya mafuta ya namna hiyo, ile ing'aayo ipakwayo baiskeli.

Rangi ya mafuta ya mchoraji wa sura ni ndugu wa hiyo ya mpaka rangi, ila hukawia kukauka. Ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Hapa neno "kukauka" lahitaji kuangaliwa. Nguo hukauka kwa kuwa maji yametoka; mafuta ya kitani hayatoi kitu cha namna hiyo, bali huvuta oksijeni kutoka hewani na kugeuka kuwa utando mgumu. Kwa kweli huganda. Ndiyo sababu mafuta ya nazi, ijapokuwa ni mengi pwani, hayafai kwa kazi hii. Yakipakwa leo, mwakani yatakuwa bado yakishika vumbi. Rangi hupakwa juu ya kitambaa cha kitani au cha pamba kilichowambwa kwenye fremu na kupakwa rangi nyeupe ya kwanza. Kitambaa hicho kimeanza kuitwa "turubai", na jina hilo limekubalika, ingawa mwanafunzi aambiwaye alete turubai darasani aweza kudhani kuna msiba.

Kitu cha pili ni kioo, nacho kina hila zake. Kwanza, sura iliyo juu ya kioo ni ndogo kuliko adhaniavyo mtu. Mchoraji akitia alama kwenye kioo penye utosi na penye kidevu cha sura aionayo, kisha akapima, atakuta ni nusu ya urefu wa kichwa chake, akisogea mbele au akirudi nyuma. Pili, kioo hugeuza upande. Vincent van Gogh alijikata sikio la kushoto mwezi wa Desemba 1888; katika picha ya kujichora ya mwaka 1889, iliyoko Courtauld Gallery, London, bendeji yaonekana upande wa kulia. Hakukosea. Alichora alichokiona, na alichokiona ni kioo. Rembrandt alilitatua jambo hilo kwa njia nyingine. Picha yake kubwa iliyoko Kenwood House, London, aliyoichora katika miaka ya mwisho kabla ya kufa mwaka 1669, ilipopigwa eksirei ilionyesha kuwa mikono yake hapo mwanzo ilikuwa imekaa kama ionekanavyo kiooni, kisha akaigeuza. Wachoraji hao wawili wanaonyesha maana mbili za neno "halisi": kwa mmoja ni kile jicho linachopokea, kwa mwingine ni kile mtu ajuacho kuwa kweli. Anayetaka kujichora hana budi kuamua mapema amfuate nani, maana akichanganya, shati litafungwa vifungo upande mmoja na mkono utashika burashi upande usiolingana nalo.

Nuru nayo yataka uangalifu, na hapa vitabu vya Ulaya huwapotosha wasomaji wa kwetu. Huko mchoraji huambiwa aketi karibu na dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua haliingii upande huo na nuru hukaa tulivu mchana kutwa. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, na kwa zaidi ya nusu ya mwaka jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini. Anayeyafuata maagizo hayo neno kwa neno atachomwa na jua mezani. Dirisha la kusini ni afadhali, na kitambaa chembamba cheupe juu ya dirisha lolote ni afadhali zaidi. Lililo muhimu ni kwamba nuru itoke upande mmoja tu.

Nuru ikitoka upande mmoja, uso hugawanyika, na hapa Kiswahili kina utajiri usiotumiwa. "Uvuli" na "kivuli" si kitu kimoja. Uvuli ni mahali nuru isipofika. Kivuli ni umbo ambalo kitu hulitupa juu ya kitu kingine. Shavu lililogeuka mbali na dirisha limo katika uvuli, na ukingo wake ni laini, huyeyuka kidogo kidogo kwenye mwanga. Pua hutupa kivuli juu ya mdomo, na ukingo wa kivuli hicho karibu na pua ni mkali kama uliokatwa kwa kisu. Mwanafunzi asiyetenga mambo haya mawili hupaka weusi ule ule pote, na uso wake hutokea kama mbao mbili zilizogongomelewa. Katika lugha nyingine mwalimu hulazimika kueleza tofauti hii kwa maneno mengi. Hapa maneno mawili yatosha, mradi mwalimu ayashike kwa makini.

Mchoro wa kwanza hufanywa kwa mkaa au kwa rangi nyepesi. Kamba ya timazi, chombo cha mwashi, ikining'inizwa kando ya kioo huonyesha kama pembe ya jicho imesimama juu ya pembe ya mdomo au imepita. Kosa la kawaida ni kuweka macho juu mno. Macho yako katikati ya kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni. Bali kwa kuwa mtu huujali uso na kulisahau fuvu, paji hufupishwa na kichwa hukatwa.

Kisha huja rangi, na hapa ndipo penye hoja ya wale wasemao kuwa Kiswahili ni maskini. Ni kweli kwamba vivumishi vya rangi vinavyochukua viambishi vya upatanisho ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi hutajwa kwa vitu: manjano kwa mzizi wa manjano, kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa majivu, zambarau kwa tunda. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo matatu. Lakini yafaa kukitazama kibao cha mchoraji Anders Zorn wa Sweden, aliyefariki mwaka 1920. Zorn aghalabu alizichora nyuso kwa rangi nne: nyeupe, nyeusi, nyekundu ya zinjifuri na manjano ya udongo. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe na kuwekwa kando ya manjano, jicho huiona kama buluu. Nyeusi ikitiwa katika manjano huwa kijani cha kiza. Ni dhahiri kwamba Zorn hakujua Kiswahili, lakini vivumishi vitatu na mzizi mmoja wa jikoni vilimtosha.

Kwa kweli wingi wa majina si msaada kwa mchoraji, bali ni hatari. Chukua usemi "maji ya kunde". Katika mazungumzo ni usemi mzuri: humwonyesha mtu kwa neno moja. Lakini mchoraji wa rangi ya maji ya kunde akichanganya rangi moja ya jina hilo na kuipaka uso mzima, atapata kinyago. Akitazama kioo bila jina, ataona kwamba paji lake, pale nuru ya dirisha iangukiapo, limeelekea buluu; kwamba masikio, ambayo damu yake i karibu na ngozi, yana wekundu; kwamba chini ya kidevu kuna rangi ya shati lake mwenyewe iliyorudishwa juu. Ngozi nyeusi sana hurudisha mng'ao mkali na wa baridi, na uvuli wake huwa na joto la wekundu, wala hauwi mweusi mtupu kama masizi. Njia ya kuyaona haya ni kuyafumba macho nusu, ili vinyweleo na makunyanzi vipotee yabaki mabaka tu, kisha kulinganisha baka na jirani yake: lipi lina mwanga zaidi, lipi lina joto zaidi. Maneno ya kulinganisha yatosha kwa kazi hiyo. Mwalimu hana haja ya kungoja orodha ya majina ya rangi mia mbili.

Mabaka makubwa hupakwa kwanza, kwa rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ya juu hutiwa mafuta zaidi. Mafundi wa Ulaya huisema kanuni hiyo kwa maneno ya mnyama aliyenona na mnyama aliyekonda, na Kiswahili kinayo jozi hiyo hiyo: rangi iliyokonda chini, iliyonona juu. Ikigeuzwa, tabaka la juu huganda kabla ya la chini, na picha hupasuka. Macho na mdomo huachwa hadi mwisho, kwa kuwa mwanafunzi akianza nayo hawezi tena kuyafuta kwa huruma.

Vanishi, ambayo jina lake seremala analo tayari, haipakwi siku ya kumaliza. Mchoraji aliyepaka rangi nene hungoja miezi sita au zaidi, picha ikiwa imegeuziwa nuru wala haikufichwa gizani, kwa kuwa mafuta ya kitani yakikosa nuru hugeuka manjano.