Pikapu ya mzee iko juu ya mawe? Usianze na rangi

Unaijua hiyo gari. Peugeot 504 pikapu, ile watu wanaita Pijo, imekaa nyuma ya nyumba tangu mzee aache kuiendesha. Matairi yalishauzwa, kuku wanataga kwenye bodi, na kila sikukuu kuna ndugu anasema: "Hii tukiipiga rangi tu, inarudi barabarani."

Hapo kwenye rangi ndipo hela zinapopotelea. Mjomba wangu alianza hivyo hivyo. Aliipaka nyekundu ya kung'aa kwa ajili ya harusi ya binti yake, na siku yenyewe ikavutwa kwa kamba hadi ukumbini. Msimu wa pili wa mvua haujaisha, milango ikatoa malengelenge. Ukibonyeza, kidole kinazama ndani.

Sasa tunairudia upya, mimi na yeye, kila Jumapili kwenye banda la nyumbani kwake.

Ina thamani gani hasa? 504 ilianza kutengenezwa 1968, zikatoka zaidi ya milioni 3, na majirani zetu Kenya waliendelea kuziunganisha hadi miaka ya 2000. Ndiyo maana spea bado zinapatikana, hata kama nyingine utazitoa kwenye gari lililokufa. Na jina la Peugeot lina historia hapa nyumbani: Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mbio za East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404, iliyotangulia 504.

Simu kwanza, spana baadaye

Kabla hujafungua nati yoyote, piga picha. Waya, paipu, bushi, kila kitu kilivyokaa. Nati za sehemu moja zitie kwenye mfuko mmoja na uandike zimetoka wapi. Inaonekana kazi ya kitoto, ila pikapu nyingi hufia hapa: imefunguliwa yote, miezi sita ikapita, hakuna anayekumbuka nini kinaingia wapi.

Kutu ndiyo kazi yenyewe

Kutu haifi kwa kufunikwa. Ukipaka rangi juu yake, unyevu unabaki ndani na bati linaendelea kuliwa bila wewe kuona.

Tafuta sumaku ndogo, hata ya spika mbovu, izungushie kitambaa kisha ipitishe kwenye bodi. Ikinasa, hapo kuna bati. Ikiteleza, hapo kuna puti, maana yake kuna fundi aliwahi kujaza tundu akalipaka rangi. Sisi tulikuta mlango mmoja ambao nusu yake ya chini ni puti tupu. Mjomba alikaa chini kwanza.

Angalia sakafu chini ya kapeti, vizingiti vya milango, kona za kioo cha mbele, chini ya betri, na pale bodi ya nyuma inapokaa juu ya chesesi. Bati lililooza linakatwa hadi ufike penye uzima, halafu linachomelewa jipya. Likishasuguliwa, lipigwe praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wa Dar, bati tupu likilala usiku mmoja unaanza kusugua tena.

Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, chomoa betri na utoe tangi la mafuta kabisa. Usidanganyike kwamba tangi ni tupu. Kinacholipuka ni mvuke, na tangi tupu limejaa mvuke.

Injini: usipige stata

Injini iliyolala miaka, ringi za pistoni huwa zimenata kwenye silinda. Ukiilazimisha kwa betri mpya unaweza kuvunja kitu ambacho kilikuwa kizima. Kwa injini ya petroli, toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila tundu, acha siku mbili, kisha izungushe taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma, ongeza oili, subiri tena. Haraka ya nini? Imeshakaa miaka kumi.

Kuna jambo ambalo fundi aliyezoea Toyota anaweza asilijue. Injini za petroli za 504 zina slivu zinazotoka, zimezungukwa na maji. Ukifungua kichwa cha injini, usiizungushe bila kuzibana hizo slivu. Zikinyanyuka kidogo tu, mpira wa chini unaachia, maji yanaingia kwenye oili, na unaambulia oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Petroli ya zamani imwagwe yote, tangi lisafishwe, kabureta ifunguliwe. Waya zilizotafunwa na panya badilisha, usiungeunge.

Ikiwaka, bado haijapona

Siku injini ikiunguruma, kila mtu atataka mzunguko mmoja wa mtaa. Kataa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na kwa miaka yote hiyo silinda za breki zimekuwa zikipata kutu kwa ndani huku mipira ikikauka. Pedali inaweza kuwa ngumu leo ikazama kesho ukiwa mteremkoni. Badilisha mipira, paipu laini na mafuta yote. Vumbi la breki za zamani usilipulize, linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe na ulifute. Na usiingie uvunguni kwa kutegemea jeki peke yake, weka stendi.

Halafu makaratasi. Kadi ya gari ina namba ya chesesi, namba ya injini na rangi. Ukiweka injini nyingine au kubadili rangi, TRA wanatakiwa kujua. Pale penye namba ya chesesi pasikatwe wala kusuguliwa, la sivyo utaulizwa maswali ya wizi kwa gari la baba yako.

Ya kwetu kwa sasa ni ya kijivu, rangi ya praima. Haina kioo cha mbele, ila breki zinashika. Mjomba bado anaitaka nyekundu. Nimemwambia masika yaishe kwanza.